Mke wa Tatu wa Bihi

Asubuhi ile ya Jumatatu mume wangu Bihi alikuwa ameketi nje ya karavani, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi, amevaa suruali yake ndefu ya ndani ya sufu na kofia niliyomfumia mwaka aliostaafu. Mimi nilikuwa na chapati ya kukunja mkono mmoja na kijiko cha amlu, ule uji mzito wa lozi na asali, mkono wa pili, nikisubiri birika lichemke. Ndipo basi dogo jeupe liliposimama kando ya shamba la milozi, wakashuka Wajerumani kumi na mmoja na kamera zao.

Mbele yao alitembea mwanamume wa makamo, mnene kiasi, kanzu ya bluu iliyopigwa pasi, kilemba cheupe kama cha bwana harusi. Akawasimamisha hatua kumi na tano hivi kutoka kwetu, akainua mkono wanyamaze, akaanza kwa Kijerumani kilichonyooka.

“Mabibi na mabwana, tusisogee zaidi ya hapa. Hii ni familia ya mwisho ya wahamahamaji katika bonde letu. Hawajui lugha yoyote ila ya kwao, na hawapendi kusemeshwa. Mnaona mzee anavyoosha miguu? Leo au kesho watahama. Mhamahamaji haanzi safari kabla hajaosha miguu na kuiomba njia ruhusa.”

Bihi alikuwa akilowesha sugu zake. Daktari wa Agadir ndiye aliyemwandikia.

Nikafungua kinywa niwaamkie kwa lugha yao. Bihi akanikanyaga kwa mguu uliolowa.

“Nyamaza,” akaninong'oneza kwa Kitashlhit, lugha yetu ya nyumbani, midomo haitikisiki. “Ukisema neno moja tu, starehe imekwisha. Hebu tumsikie.”

“Na yule mama ni nani?” akauliza mgeni mmoja, bibi mwenye kofia ya ukili.

“Yule ni mke wa tatu,” akasema mwenye kilemba. “Wakubwa wako ndani wamelala. Chumba ni kidogo, kwa hiyo wake hulala kwa zamu.”

Watu kumi na mmoja wakanitazama kwa huruma. Yule bibi akasogea polepole, akaweka paketi ya biskuti juu ya jiwe karibu yangu, kisha akarudi kinyumenyume, kama anayemlisha paka asiyemjua. Wakapiga picha, wakapanda basi, wakaenda zao.

Bihi alicheka hata maji ya beseni yakamwagika.

“Wa tatu,” nikamwambia. “Miaka thelathini na minane tuko pamoja, na huyu wa kwanza hujammudu bado.”

“Mimi? Ulinisikia nikisema neno?”

“Ulitabasamu.”

“Nilikuwa nawaza hao wawili wengine wanapikaje.”

Nikamrushia kijiko.

Niseme sisi ni nani, kwa sababu yule bwana hakusema. Mimi naitwa Tuda. Nilifundisha Kijerumani katika sekondari moja ya Agadir miaka ishirini na sita. Bihi aliendesha mabasi ya watalii miaka thelathini, na Kijerumani chake alikiokota kwa kuwasikiliza waongoza watalii waliosimama nyuma ya kichwa chake, ndiyo maana historia yote anayoijua inaishia na maneno “na sasa turudi kwenye basi.” Tulipostaafu tulimwachia binti yetu nyumba, tukanunua karavani kutoka kwa Mbelgiji mmoja ambaye mkewe alikuwa amekataa kulala humo hata siku moja zaidi. Tangu hapo tunaifuata misimu. Februari tuko huku Tafraout milozi inapochanua, kiangazi tunapanda Atlasi, tende zikiiva tunashuka bonde la Draa. Popote tunapoegesha, wageni wetu wanatukuta: vikundi vidogo, watu wanane, kumi. Beji ya kuongoza watalii naivaa mimi. Bihi anaendesha na kupika.

Na mimi siwadanganyi wageni. Nisipojua kitu, nasema sijui. Bihi hulalamika kwamba hilo ndilo neno la Kijerumani analolisikia zaidi kinywani mwangu. Wageni wakiuliza nani alijenga ngome fulani, mimi nasema hatuna uhakika, nao wanashusha kamera zao taratibu. Lakini ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu, na sikuona sababu ya kubadilika uzeeni.

Wiki ile tulikuwa mapumzikoni. Wageni wetu kumi walikuwa wafike Ijumaa jioni. Tulikuwa tumeegesha kwenye shamba la Lala Mbarka, mama mmoja wa kijiji cha Tizgi anayekamua mafuta ya argani, na nilikwenda kwake mchana uleule kumuuliza habari za yule mwenye kilemba.

“Abdenbi huyo,” akasema, hata hakuinua macho kutoka kwenye jiwe lake la kusagia. “Mtoto wa kinyozi, pale mjini. Anatembeza wageni wa hoteli. Mwaka jana alikuwa akiwaleta kwangu, anawaambia mimi nina miaka mia moja na mbili.”

“Una mingapi?”

“Sitini na moja. Nilimtoa na ufagio. Sasa naona amewapata nyinyi.”

Nilirudi karavani nimeshaamua. Kama alitaka kutueleza, basi tungempa vya kueleza.

Tulikuwa na jozi kumi za sapatu za ngozi, za manjano, tulizowanunulia wageni wetu wa Ijumaa kama zawadi. Jumanne saa nne kasorobo nikazitundika kwenye kamba ya nguo. Za kushoto tu. Kumi, zimepangwa kwa vibanio, zinaning'inia kama samaki wa kukaushwa. Kisha nikakaa na Bihi tukinywa chai, tukijitia hamnazo.

Basi likaja. Abdenbi akashuka na kundi jipya, na yule bibi mwenye kofia ya ukili akiwamo tena. Nilimwona Abdenbi akiziona zile sapatu. Alisimama. Nilihesabu: moja, mbili, tatu.

“Mabinti,” akasema kwa sauti ya chini. “Mzee huyu ana mabinti kumi ambao hawajaolewa. Kila binti hutundikiwa sapatu ya kushoto. Ya kulia hukaa kwa mama. Kijana atakayetaka kuoa huja alfajiri, anachukua moja, na siku ya harusi analeta zikutane.”

“Kumi?” akauliza mwanamume mmoja.

“Walikuwa kumi na tatu. Mwaka jana ulikuwa mzuri.”

Bihi aliinamisha uso ndani ya glasi ya chai, mabega yakimtikisika. Yule bibi mwenye kofia alimshika Abdenbi mkono, akamweleza kwamba ana mtoto wa kiume huko Kassel, mhandisi, miaka arobaini na moja, mtulivu, hanywi. Abdenbi akamjibu kwa heshima zote kwamba mzee hapokei posa siku ya Jumanne.

Walipoondoka, Bihi alifuta machozi. “Huyu mtu ana kipaji, Tuda. Ulimwona? Hakufikisha hata sekunde tano.”

“Alikwama.”

“Alipumua. Kupumua si kukwama.”

“Kesho atakwama,” nikasema.

Jumatano Bihi mwenyewe aliomba apewe sehemu kubwa zaidi. Aliona kukaa tu na chai hakumtoshi. Akapanda juu ya paa la karavani na kiti cha kukunja, akakaa ameipa barabara mgongo, mwavuli mkononi na chujio la tambi kichwani. Nilimwambia atavunja shingo. Akasema nisimharibie.

Mimi nikatoa silaha yangu. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na kitabu changu cha sarufi ya Kijerumani, kile kinene nilichofundishia, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa nyekundu. Nikakiinua mpaka kikanifunika uso, nikafungua sura ya namna ile ya kitenzi wanayoitumia Wajerumani kubeba maneno ya mtu bila kuyadhamini. Nilikuwa nasoma kwelikweli.

“Lakini anasoma Kijerumani,” akasema mwanamke mmoja, kabla Abdenbi hajafungua kinywa. “Tazameni. Kitabu ni cha Kijerumani.”

Nikasikia changarawe zikilia chini ya viatu vya Abdenbi. Nikajua nimempata.

“Bibi umeona vizuri,” akasema. “Sijui kama nastahili kuwaeleza hili. Mama huyu hajui kusoma. Alipokuwa msichana, msafiri mmoja kutoka kwenu alipita hapa, akamwachia kitabu hicho, akamwambia atarudi akimaliza kukisoma. Basi kila siku mama anafunua ukurasa mmoja. Mmoja tu.”

Yule bibi mwenye kofia ya ukili, aliyekuwa amekuja tena, alipenga kamasi. Nami, nisiyejua kusoma, nilikwama ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, maana nikiufunua ningekuwa namuunga mkono, na nisipoufunua ningekaa hapo mpaka waondoke. Niliufunua. Nikasikia kundi zima likivuta pumzi.

“Na mzee juu ya paa?” akauliza mwingine. “Ile ni nini kichwani?”

“Hiyo ni kofia ya kusikilizia mvua. Matundu yanapitisha sauti. Zamani alikuwa na ngamia aliyefanya kazi hiyo, ngamia mwerevu sana, lakini siku moja alikuja Mjerumani na gari lenye friji, akamfungulia ngamia mlango wa friji aone ndani…”

Bihi akacheka. Kicheko chake chote, kile cha kwenye harusi, mpaka chujio likamwanguka na kugonga paa. Akakibadilisha kuwa kikohozi, akakohoa sana, akapigapiga kifua.

“Vumbi,” Abdenbi akawaeleza wageni. Lakini aliendelea kumtazama Bihi kwa muda, na mwisho wa habari ya ngamia sisi hatukuusikia mpaka leo.

Alhamisi basi halikuja. Bihi alivaa suruali ya ndani, akakaa, akatazama barabara, akatazama saa. Saa tano akaniuliza kama labda yule mtu anaumwa. Nilimwambia aende akanunue mboga.

Baada ya adhuhuri Abdenbi alikuja peke yake, kwa miguu, bila kilemba, kipara kinang'aa, na pande zima la sukari kwapani, limefungwa kwa karatasi yake ya zambarau. Kwetu anayekuja na pande la sukari hafukuzwi mlangoni.

“Mchana mwema, Mwalimu,” akaniambia kwa Kijerumani.

Bihi, aliyekuwa anakata karoti, akajikausha kama sanamu.

“Endelea tu na karoti zako, mzee,” Abdenbi akamwambia, sasa kwa Kitashlhit. “Wewe ndiye uliyetoboa siri. Habari ya ngamia uliicheka kabla sijaimaliza.”

“Nilikohoa.”

“Ulikohoa kwa Kijerumani.”

Nikamkaribisha akae, maana ningefanyaje. Nikamuuliza kama alikuwa amegundua jana tu.

“Jana nilipata uhakika, nikauliza kijijini nikaambiwa wewe ni mwalimu. Wasiwasi nilikuwa nao tangu Jumanne. Mtu wa kawaida hatundiki viatu vya kushoto kumi bila kumkusudia mtu.”

“Sasa kwa nini uliendelea?”

“Ningeachaje, Mwalimu? Miaka kumi na minane nafanya kazi na mawe. Jiwe halikuongezei kitu. Ule uso wa simba kule mlimani unaueleza leo, kesho uko vilevile. Nyinyi, kila asubuhi nafika hapa sijui nitakuta nini. Jana nilipoliona lile chujio kichwani mwa mzee, nilitaka kurudi kwenye basi.”

Bihi alijaribu kuficha jinsi maneno hayo yalivyomfurahisha. Hakuweza.

“Umeniita mke wa tatu,” nikasema.

“Naomba radhi. Mke wa kwanza haonewi huruma.”

“Na watu wale wanarudi kwao wanasimulia uongo. Hilo halikusumbui?”

“Uongo wanao kwao kwenye televisheni, wanausikiliza wamelala kwenye kochi. Wangu angalau wanatembea kuufuata.” Akaitazama kamba ya nguo. “Zile sapatu, kweli zilikuwa kwa nini?”

“Kukukomesha.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake.

“Lakini la kuhamahama hakukosea sana,” Bihi akaingilia. “Tuda, lini mara ya mwisho tumelala chini ya dari ya saruji?”

Nilitaka kumjibu haraka, nikajikuta nahesabu. Ilikuwa Idi ya mwaka uliopita, kwa binti yetu, na usiku ule sikupata usingizi kwa sababu kitanda kilikuwa mbali mno na ukuta. Sikusema. Nilikwenda ndani kuvunja sukari.

Tuliagana vizuri, tukapeana namba za simu. Alisema Jumamosi ni siku yake ya kupumzika, tukasema Jumamosi sisi tuna kazi, na mimi nikadhani mambo yamekwisha hapo.

Wageni wetu walifika Ijumaa jioni, wakalala hotelini mjini. Tulikula nao, tukafahamiana, Bihi akawapa mikono wote kumi na kuwafanyia mizaha yake. Asubuhi tulipokwenda kuwachukua, tuliwakuta wamekula, wamevaa viatu vya kupandia milima, na wamejazana kwenye kona moja ya ukumbi. Katikati yao alikuwa bwana Detlef, mkaguzi wa lifti aliyestaafu, mtu anayebeba daftari na kalamu tatu. Mbele yake bibi mmoja alikuwa akimwonyesha picha kwenye simu. Kofia yake ya ukili niliitambua kutoka mlangoni. Nikavuta kitambaa changu mbele kidogo.

“Bibi Tuda,” akasema bwana Detlef aliponiona, “kwenye ratiba yako mbona hakuna wahamahamaji?”

“Wahamahamaji gani?”

Akaniletea simu. Nilijiona mwenyewe nimeketi kwenye ngazi yangu. Ashukuriwe Mungu, kitabu kilifunika uso. Picha ya pili ilikuwa ya paa, mwavuli, na mgongo wa Bihi aliyekuwa akiutazama mlima. Bihi akachungulia juu ya bega langu.

“Maskini,” akasema kwa Kijerumani chake cha basi. “Anaonekana mtu wa maana sana.”

Niliwaambia tuna mawe yaliyopakwa rangi, tuna swala aliyechorwa kwenye mwamba zamani sana, tuna nyumba ya kale ya udongo. Wakasema vizuri, na baada ya hayo twende kwa wahamahamaji. Mwanamke mmoja alikuwa ameshanunua biskuti.

Nikatoka nje, nikampigia Abdenbi simu.

“Leo umepumzika?”

“Nimepumzika, Mwalimu. Niko na gazeti.”

“Wageni wangu wanataka kuona wahamahamaji. Bihi wamemshika mkono jana, hafai. Umelianzisha wewe. Saa tano uwe umekaa kwenye kiti, na ukae kimya.”

“Nivae nini?” akauliza.

Halafu nikasikia simu ikinyang'anywa, na sauti ya mwanamke ikaingia, nyororo, haina haraka.

“Mwalimu, mimi ni Yamna, mkewe. Nimesikia yote. Huyu atakaa kimya, na wewe ndiye utakayesema habari zake?”

“Itabidi. Na mimi siwezi kudanganya wageni, dada. Sijui nitasema nini.”

“Usidanganye,” akasema Yamna. “Una kalamu?”

Niliandika nyuma ya ratiba mpaka nafasi ikaisha.

Saa tano na dakika kumi tulifika shambani kwa Lala Mbarka. Abdenbi alikuwa kwenye kiti cha Bihi mbele ya karavani yangu, amejifunika burnusi ya sufu nzito ya baba yake, kichwa amekifunga mpaka nyusi, macho ameyaelekeza mlimani. Chini pembeni yake alikaa Yamna, mwanamke mwembamba mwenye meno mazuri, anapasua kokwa za argani kwa jiwe. Bihi alisimama nyuma ya wageni, mikono kifuani, anamtazama mtu aliyekalia kiti chake. Uso wake haukuwa mzuri.

Niliwasimamisha hatua kumi na tano.

“Sitawaambia huyu ni mhamahamaji,” nikaanza. “Nitawaambia ninayoyajua tu, kutoka kwa mtu anayemfahamu vizuri. Alizaliwa mjini, robo saa kutoka hapa, mtoto wa kinyozi. Anaogopa mbuzi.”

Bwana Detlef akainua macho kutoka kwenye daftari. “Mhamahamaji anaogopa mbuzi?”

“Wote. Hata wadogo. Akimwona mbuzi njiani hugeuka anapitia njia nyingine, na wanaomfuata huambiwa kwamba njia ile ina mandhari nzuri zaidi.”

Ukope wa kushoto wa Abdenbi ukaruka. Jiwe la Yamna likapasua kokwa: ta.

“Ule mlima wenye uso wa simba, kilele chake anaweza kukueleza kwa dakika ishirini, upepo wake na yote yanayoonekana kutoka juu. Hajawahi kufika. Akifika kwenye mti wa pili wa argani kizunguzungu kinamshika, anakaa chini, anasema hapo ni mahali patakatifu, wengine waendelee.”

Ta, likalia jiwe.

“Harusi ya dada yake alilia kumshinda bibi harusi. Ilibidi wapigapicha warudie.”

Masikio ya Abdenbi yalikuwa mekundu. Mikono yake ilitokeza kutoka kwenye burnusi, ikatulia juu ya magoti, ikaanza kuchezacheza. Niliona anavyoteseka, na nikiri kwamba sikuharakisha. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa upole kwa nini mzee hajibu, au ni bubu.

“Si bubu. Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na minane anapata nafasi ya kusikiliza. Tuendelee. Kazi anayoifanya inahitaji mtihani wa serikali. Mtihani huo alifeli mara tatu…”

“Mbili.”

Alisema kwa Kijerumani, bila kuondoa macho mlimani. Wageni wakageuka.

“Mara mbili,” akasema Abdenbi, akasimama, burnusi ikamdondoka. “Ya tatu nilipasi, tena vizuri. Na yule mbuzi wa kwanza alikuwa na kichaa, kijiji kizima kinajua, muulizeni mtu yeyote. Yamna, mtu hasemi nje mambo ya ndani.”

“Nilisema mbili,” Yamna akajibu kwa Kitashlhit, kokwa mkononi. “Mwalimu ameandika vibaya.”

Nilitazama karatasi yangu. Ilikuwa mbili kweli. Miaka ishirini na sita ya kusahihisha madaftari ya watu.

Basi nikawaeleza wageni yote, tangu beseni. Nikawaambia karavani ni yangu, kitabu ni changu, na mgongo ule kwenye picha ni wa mtu aliyesimama nyuma yao. Mke wa tatu, nikawaambia, ni mimi, na aliyesema hivyo ndiye huyu aliyefeli mara mbili. Walianza kucheka mmojammoja, kisha wote, na Bihi akapita mbele akawapungia mkono kama aliyeshinda mbio. Mtu mmoja aliomba kuona ndani. Bwana Detlef akaingia wa kwanza, akapima kitanda kwa macho ya kikazi.

“Wanawake watatu hawaenei hapa,” akatangaza alipotoka.

“Hata mmoja ni shida,” akasema Bihi, nami nikamtazama mpaka akaenda kuchemsha chai.

Lakini bwana Detlef hakucheka na wenzake. Alikaa kwenye ngazi, daftari limefungwa. Nilikwenda kukaa karibu naye.

“Jana nilimpigia mke wangu,” akasema. “Anaumwa miguu, hakuweza kuja. Nilimwambia kesho nitawaona wahamahamaji. Sasa hawapo?”

“Wapo. Wakati huu wako na mifugo yao huko nyuma ya milima, wanafuata majani. Nimewaona kwa mbali mara nne au tano. Hawana nafasi ya kukaa wakitazamwa.”

“Wanaishije?”

Nilimweleza kile ninachojua, mahema yao, visima, ugomvi na wenye mashamba. Kisha akaniuliza wanatuonaje sisi, watu wa karavani na mabasi, nikamwambia sijui. Akafungua daftari akaandika. Nilichungulia. Alikuwa ameandika kwamba mwongozaji hajui, na akapigia mstari.

Mchana ule Abdenbi hakurudi nyumbani. Alijivua burnusi, akajiunga nasi, na tukalizunguka bonde tukiwa waongozaji wawili. Kwenye kila mwamba mimi nilisema kinachojulikana, ambacho mara nyingi kilikuwa kidogo, naye akasema kinachowezekana. Wageni walijifunza haraka: walinigeukia mimi kwanza, kisha wakamgeukia yeye wakiwa na hamu. Mara moja, kwenye nyumba ya kale, alisimulia jambo la ajabu kuhusu mlango wa jikoni, nikamkatiza kwa ukali, naye akaapa kwamba hilo ni kweli. Lala Mbarka alinithibitishia baadaye kwamba ni kweli. Nilimwomba Abdenbi radhi mbele ya wote, na tangu hapo hakuvumilika.

Tuliondoka Tizgi Jumanne iliyofuata. Abdenbi na Yamna walikuja kutuaga na chupa ya mafuta, na Abdenbi akamvuta Bihi kando, wakanong'onezana kwa muda mrefu kama wafanyabiashara wa ng'ombe. Kwenye gari nilimuuliza walikuwa wanapanga nini. Akasema ni mambo ya kazi.

Nilijua ni kazi gani tulipofika njia panda ya Igherm. Gari kubwa la Wajerumani lilikuwa limesimama kando ya barabara, mume na mke wameinamia ramani. Walipotuona wakatupungia tusimame. Mume akaja dirishani upande wa Bihi, akamuuliza kwa Kijerumani, polepole na kwa sauti kubwa, njia ya kwenda Tata ni ipi.

Bihi alimtazama. Akalegeza taya. Akaitazama milima kwa mbali, kwa huzuni nzito ambayo sijawahi kuiona usoni mwake tangu nimfahamu, akainua mkono wazi juu angani, akaushusha taratibu juu ya moyo.

Yule Mjerumani akamwita mkewe alete kamera.

Nilishuka, nikazunguka gari, nikawaonyesha njia ya Tata kwenye ramani yao, na mahali pa kupata mafuta ya gari kabla ya hapo. Walinishukuru sana. Mke akaniuliza kwa sauti ya chini yule mzee ana nini.

“Hatujui,” nikamwambia, nikarudi garini.